Mlinzi Aliyevuta Mwisho wa Tamthilia

Kitabu chenyewe, mkusanyo wa tamthilia za mataifa mbalimbali, tulikuwa tunakitumia kuzuilia mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Aliyewahi kukaa Dodoma mwezi wa Septemba anaujua upepo huo: unaamka asubuhi, unazoa vumbi la uwanja wa mpira na kulimimina kwenye uji wa watu. Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni nje kidogo ya mji, wavulana na wasichana pamoja, na kitabu hicho kilitufikia ndani ya maboksi ya msaada, pamoja na vitabu vya kuoka keki na ramani zilizokuwa bado na Urusi ya Kisovieti. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa kinene kama tofali, na karatasi zake nyembamba, laini, kama za Biblia. Hizo karatasi zishike, nitazirudia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikiinua pale mlangoni siku alipokuwa anatafuta mchezo wa mahafali ya kidato cha nne. Akapindua ndoo, akakaa, akatusomea yaliyomo. Tamthilia siku hizo bado ilikuwa kitu cha kusomwa darasani na kuchezwa jukwaani, hizi za Kituruki za kwenye televisheni zilikuwa hazijatufikia. Kulikuwa na Antigone ya Sophocles, iliyochezwa Athens zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Kulikuwa na Shakuntala ya Kalidasa wa India. Kulikuwa na mchezo wa Noh wa Kijapani ulioandikwa na Zeami, mzuka wa kijana aliyefia vitani unamrudia mtu aliyemuua. Kulikuwa na Everyman ya Waingereza wa zamani, ambamo Mauti anamfuata mtu na kumwambia jiandae na hesabu zako. Halafu Molière wa Ufaransa, halafu Ibsen wa Norway na yule mke anayeubamiza mlango wa nyumba ya mumewe na kwenda zake, mchezo wa mwaka 1879. Mwalimu alifika chini ya ukurasa, akaugeuza, akaurudisha.

"Afrika wameisahau," akasema.

Akachomoa kalamu na kuandika palepale chini ya orodha, kwa mwandiko wake wa kulala upande: Kinjeketile, Ebrahim Hussein, 1969. Kisha akaendelea kana kwamba hajafanya kitu.

Tulianza na Antigone. Mkuu wa shule aliposikia kwamba kuna msichana anayekaidi amri ya mtawala mbele za watu, akasema si siku ya mahafali. Everyman nayo ikakataliwa, wazazi hawatoki vijijini kwa malori kuja kuambiwa watakufa. Ibsen hatukumpeleka hata ofisini. Ikabaki Shakuntala: mfalme, msitu, swala, pete, mapenzi. Mkuu aliuliza kama michezo ya nje ina faida gani kwa mtoto wa Kitanzania. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa akamtafsiri Shakespeare, tena mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Ruhusa ikapatikana.

Tuliitafsiri usiku, wakati wa prepu, kamusi moja watu kumi na wawili. Mfalme Dushyanta yuko mawindoni, anamfukuza swala mpaka kwenye makazi ya watawa msituni. Anamkuta Shakuntala akimwagilia miti, wanapendana, wanaoana kwa siri, anampa pete na kuahidi kumwitia watu wa kumchukua. Anaondoka. Shakuntala anabaki na mawazo yake, na siku moja mgeni anapiga hodi asiitikiwe. Mgeni huyo ni mtawa mwenye hasira za karibu, anamlaani: huyo unayemuwaza atakusahau. Laana inapunguzwa kidogo, kwamba mfalme akiona alama aliyoiacha atakumbuka. Lakini pete inamponyoka mtoni, na Shakuntala anafika ikulu mjamzito, mfalme anamtazama kama anavyotazamwa mpita njia. Baadaye mvuvi anaikuta pete tumboni mwa samaki, na polisi wanamkamata kwa wizi.

Kilichotufurahisha kuliko vyote hakikuwa kwenye mchezo, kilikuwa kwenye ule utangulizi wa kurasa mbili. Uliandika kwamba katika maigizo ya kale ya India watu hawasemi lugha moja. Mfalme na makuhani wanasema Kisanskriti. Wanawake wengi, watumishi, mvuvi, askari, wanasema Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida. Shuleni kwetu ukikamatwa unasema kilugha ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umkamate mwenzako. Sasa kitabu cha Kiingereza kinatuambia kwamba yapata miaka 1,500 iliyopita mtunzi mkubwa aliweka kilugha jukwaani makusudi! Mwalimu alikwenda nacho ofisini kikiwa wazi ukurasa huohuo, akarudi anatabasamu. Mfalme atasema Kiswahili cha taarifa ya habari. Mvuvi na polisi watasema Kigogo.

Mvuvi nilikuwa mimi, na mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nikapelekwa kwa Babu mlinzi.

Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kigogo, mrefu, koti la jeshi lililochoka, rungu kwapani. Alinifundisha sentensi zangu zote akiwa amekaa kwenye ngazi ya stoo, akinirudisha kila nilipokosea, na kila niliposalimia "Mbukwenyi" aliitikia huku akicheka, maana nilimsalimia peke yake kama kundi. Alipenda sana onyesho la mvuvi. Polisi wanampiga, wanamwambia atanyongwa, halafu anatoka mkubwa wao ikulu na fedha ya zawadi yenye thamani ya pete ileile. Mvuvi anawamegea polisi nusu, na papo hapo wanakuwa marafiki, wanakwenda kunywa pamoja. "Huyo Mhindi," Babu alisema, "amewahi kukaa huku."

Ndipo tukafika mwisho, tukakuta hakuna mwisho. Mfalme anaiona pete, anakumbuka, analia. Ukigeuza ukurasa, uko Japani. Karatasi kumi na kitu zilikuwa zimeng'olewa vizuri kabisa, kwa wembe au kwa mkono wenye subira. Tulitazamana. Halafu mtu akataja harufu ya tumbaku pale ngazini.

Babu hakukana. Alieleza kwamba karatasi ya gazeti inakereketa koo, na kitabu kilikuwa chini mlangoni, na kitu cha kuzuilia mlango hakisomwi. Mwalimu akamuuliza, sasa mzee, mwisho wake ulikuwaje?

"Mchungu kidogo," akasema, "lakini unashuka."

Hapa lazima niseme jambo ambalo mwaka ule hatukulisema. Aliyechaguliwa kwanza kuwa Shakuntala hakurudi baada ya likizo ya Juni. Kitanda chake kilipewa mwingine. Kila mtu alijua sababu, na kila mtu alijua kwamba msichana akipata mimba shule imekwisha; mlango wa kurudi kwenye shule za serikali haukufunguliwa mpaka waraka wa Novemba 2021. Aliyehusika tulimsikia kwa fununu, mtu wa mjini, mwenye kazi, na fununu zilisema anadai hamjui.

Kwa hiyo ugomvi wa mwisho wa mchezo haukuwa ugomvi wa sanaa. Wavulana tulitaka mfalme amfuate, wapatane, ipigwe ngoma, watu wakale pilau. Wasichana wakakataa. Yule aliyeirithi nafasi, mpole ambaye sikuwahi kumsikia akijibizana na mtu, alisimama akiwa ameshika kopo la kumwagilia na kusema haamini habari za laana. "Alimjua," alisema. "Alimjua tangu alipoingia mlangoni." Mwalimu akaeleza kwamba laana imeandikwa, iko ukurasa fulani. Akajibu kwamba aliyeandika alikuwa anamfichia mfalme aibu.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye nilipata kitabu kingine cha aina hiyo, tamthilia za mataifa na zama mbalimbali, safari hii kina jalada na kurasa zote. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kitendo cha saba. Mfalme anamkuta mtoto wa kiume akimpanua kinywa mtoto wa simba ahesabu meno yake. Ni mwanawe. Shakuntala anatokea, mfalme anaanguka miguuni pake, anasamehewa, laana inaelezwa, wote wanarudi ikulu. Basi. Lakini utangulizi wa kitabu hicho ulikuwa na aya moja ambayo niliisoma nikiwa nimesimama. Kisa hiki Kalidasa alikitoa kwenye Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, na kwenye Mahabharata hakuna laana wala pete. Mfalme anamkumbuka vizuri. Anamkana kwa kuogopa watu watasema nini, mpaka sauti kutoka mbinguni inamwumbua. Laana na pete vililetwa na mtunzi.

Lakini 1994 hatukuwa na kitabu hicho. Mwalimu aliamua kwamba mfalme atakwenda msituni, atapiga hodi, na hapo tutawageukia wageni na kuwauliza wao.

Siku yenyewe bwalo lilijaa mpaka madirishani. Pazia letu lilikuwa mashuka ya bweni. Mfalme aliingia na baiskeli aina ya Phoenix badala ya gari la farasi, ingawa utangulizi ulisema Wahindi wa kale hawakuhitaji hata hiyo, mwigizaji aliigiza farasi kwa mikono tu. Samaki wangu alikuwa perege wa Mtera aliyenunuliwa soko la Majengo jana yake, na kufikia saa nane mchana meza kuu ilikuwa imeanza kupepea ratiba puani. Polisi waliponikamata na kunitukana kwa Kigogo, ukumbi ulinyamaza kwanza. Mezani alikuwepo askari mwenye nyota mabegani, na watu walimtazama yeye kabla ya kuamua kucheka. Alipocheka, paa lilitaka kung'oka.

Nilipomaliza nilitoka nje kunawa mikono. Nyuma ya bwalo, kwenye dirisha la jikoni, alikuwa amesimama Shakuntala wa kwanza, amejifunga khanga mpaka kifuani, na tumbo lilikuwa halifichiki tena. Hakutakiwa kuwepo. Geti lilifungwa kwa kufuli siku ile, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu.

"Nani amechukua?" akaniuliza. Nikamtajia.

"Anajua kumwagilia?"

Nikasema anajua. Mwenyewe, enzi zake, alikuwa anasimamia sana hilo mazoezini, kwamba kopo ni tupu lakini mkono lazima uwe mzito.

Ndani mfalme alipiga hodi. Mara ya pili. Mwalimu akatokeza mbele ya mashuka, akauliza: wazee wetu, huyu binti afungue au asifungue? Kukawa na minong'ono, kikohozi, kisha nikasikia sauti ninayoijua kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Ng'ombe wako wapi?"

Mwalimu akasema, unasemaje mzee?

"Amekuja mikono mitupu. Amepewa binti, amemkana mbele za watu, sasa amekumbuka. Vizuri. Ng'ombe wa faini wako wapi?"

Bwalo likapasuka. Mtu akapaza, "Watatu!" Mwingine, "Watano, na beberu!" Mama mmoja akataka kujua nani atalipia kulea. Mfalme, kijana wa miaka 17 asiye na neno hata moja la kusema hapo, akavuta mifuko ya suruali nje kuonyesha hana kitu, wakacheka zaidi. Wote isipokuwa msichana wa jukwaani. Alingoja kelele zishuke.

"Nenda kawalete," akasema. "Mimi nipo."

Akageuka, akainua kopo, akaanza kumwagilia. Mkono ulikuwa mzito. Mashuka yakafungwa.

Nilipomtazama mwenzangu pale dirishani alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa khanga, sikujua kama anacheka. Hakungoja watu watoke. Alipofika getini Babu alikuwa ameshatangulia, sijui alipita wapi kwa haraka vile na miguu yake ile, akamfungulia, akafunga tena kufuli.

Jioni nilimkuta kwenye ngazi ya stoo anasokota sigara. Nilitupa jicho kwenye karatasi. Ilikuwa ya daftari la hesabu, ya vyumba vyumba.

"Hivi kule kitabuni," akaniuliza, "alitoa wangapi?"

"Si uliuvuta wewe, Babu."

Akaupa upepo mgongo, akawasha kiberiti.