Vifuu vya nazi, maji ya kisima: siku moja maabara

Saa 12:30 asubuhi. Napita kwa bibi anayeuza nazi mtaani kwetu, Ng'ambo, mjini Zanzibar. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Vyako hivyo, nimekutolea na makumbi." Ananijazia mfuko wa vifuu ambavyo vingeishia jikoni. Mimi natengeneza navyo makaa ya kunasa mabaki ya dawa kwenye maji.

Saa 2:00. Vifuu vya juzi vimekauka. Navivunja kwa nyundo, navipakia kwenye kopo la chuma, nafunga kifuniko, naliingiza tanurini kwenye nyuzi 500. Kifuniko ndiyo kazi yenyewe. Hewa ikiingia napata jivu. Ikikosekana napata makaa yaliyojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Viwandani makaa ya vifuu huamshwa, yaani hufunguliwa vitundu zaidi, kwa mvuke au kemikali kama asidi, mpaka gramu 1 ikawa na uso wa ndani unaoweza kuzidi mita za mraba 1,000. Mimi sitii asidi. Maji ya kuoshea asidi nayo yanataka pa kumwagwa, na nataka kitu kinachoweza kutengenezwa uani.

Saa 4:00. Makaa ya wiki iliyopita yameshasagwa, kuchekechwa na kuoshwa. Leo yanakutana na diklofenaki, dawa ya maumivu tunayoijua sote. Mwili hauimalizi yote, nyingine hutoka na mkojo. Dawa hii si ya kudharau: India, Pakistan na Nepal ziliizuia kwa mifugo mwaka 2006, baada ya tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo kufa kwa figo.

Katika maji ya kawaida dawa kama hizi hupimwa kwa nanogramu au maikrogramu kwa lita, na mashine yetu haioni udogo huo. Kwa hiyo naitia mwenyewe, miligramu 20 kwa lita, katika chupa mbili: moja ya maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa, yasiyo na kitu), moja ya maji ya kisima cha nyumbani kwetu. Natia makaa sawa kwa sawa, naziweka kwenye kitikisio, nakwenda kuswali na kula.

Saa 8:30 mchana. Nachuja, nasoma kwenye mwanga wa nanomita 276, usioonekana kwa macho: diklofenaki huunyonya, hivyo mashine hujua iliyobaki. Maji ya kisima matupu nayasoma kwanza, kwa sababu nayo hunyonya mwanga huo. Chupa ya maji yaliyokenekwa imebakiwa na dawa kidogo sana. Ya kisima imebakiwa na nyingi zaidi.

Nimekaa na majibu haya muda mrefu. Mji wetu umekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa. Makaro yanavujia chini, na visima vinachota huko huko. Maji hayo yana chumvichumvi na mabaki ya vitu vilivyooza, vyote vinagombea vitundu vile vile. Tena diklofenaki ndani yake hubeba chaji hasi, kama uso wa makaa yangu, basi vinasukumana. Mwenzangu ananishauri niandike namba ya chupa ya kwanza. Naandika zote mbili, ya kisima juu. Ndiyo maji tunayokunywa.

Saa 12:00 jioni. Namrudishia bibi mfuko wake. Namweleza makaa yanavyoshika dawa. Anasikiliza, kisha ananiuliza: "Na yakishashiba, unayatupa wapi?"

Nimemjibu ukweli: yako kwenye ndoo yenye kifuniko chini ya meza, na sijathubutu kuyamwaga popote. Usiku huu naandika jaribio jipya: kuyarudisha tanurini, kisha kuyapima tena.