"Kaka, kadi haisomi": nilivyoishia kukata bima ya kulazwa tu

Juni 2021, saa tano usiku, mwanangu mkubwa anachemka homa nami nimesimama mapokezi ya hospitali moja binafsi hapa Dar. Dada wa mapokezi aliingiza namba ya kadi mara ya pili, akanirudishia kadi yenyewe. "Kaka, kadi haisomi."

Nilikuwa nimeacha kazi Machi. Ofisini walinikumbusha nirudishe kadi zote za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Yangu nikarudisha, za watoto zikabaki kwenye mkoba wa mama yao, nasi tukaendelea kuishi kama watu wenye bima. Kwa miaka sita nilikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaweka 3 yake, na kwa mchango huo tukatibiwa mimi, mke wangu na watoto. Mfuko uliruhusu wategemezi mpaka wanne, kwa hiyo hata mama yangu angeweza kuingia. Sikumwingiza. Niliona fomu ni usumbufu.

Usiku ule walitaka laki tatu kabla ya kumlaza mtoto. Nikampigia shemeji, akatuma kwa simu. Nimonia, siku tatu, jumla 870,000. Ilikuwa hela ya kodi ya fremu yangu Kariakoo.

Ungedhani kesho yake nilikimbilia kukata bima. Hapana. Nilichukua boksi la viatu nikamwambia mke wangu kila risiti ya zahanati, maabara au duka la dawa iingie humo kwa mwaka mzima. Alicheka, lakini ni yeye aliyekumbuka kuzitia kuliko mimi. Juni 2022 tulizimwaga mkekani. Safari tisa za kutibiwa na kurudi nyumbani, jumla 412,000. Kubwa kuliko zote ilikuwa 118,000, malaria yangu pamoja na vipimo ambavyo hadi leo sijui vilikuwa vya nini. Kulazwa, hakuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokiogopa. Hizo 412,000 ziliuma, ila ziliuma kidogo kidogo kama nauli. Iliyotuangusha ilikuwa ile 870,000 ya siku tatu.

Nikaanza kuuliza. Kwanza vifurushi vya hiari vya Mfuko vilivyotoka mwaka 2019: Najali, Wekeza na Timiza. Cha chini, kwa kijana wa miaka 18 hadi 35, kilianzia 192,000 kwa mwaka. Halafu nikaenda kwenye kampuni binafsi za bima, na huko nikakuta hesabu ya aina nyingine kabisa. Mfuko unakuhesabia huduma: kipimo hiki kimo kwenye kitita, dawa hii haimo. Kampuni inakuhesabia shilingi: una milioni kadhaa kwa mwaka, zikiisha umeisha.

Wakala aliyekuja ofisini kwangu alikuwa binti mchangamfu, mwenye leseni (niliitazama kwenye orodha ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla hajafika). Alisema "mpaka milioni 20, kaka" kama mara saba hivi. Nikamwuliza, milioni 20 za kila mtu au za familia nzima? Akanyamaza kidogo. Za familia nzima. Na uzazi una kiwango chake ndani ya hiyo 20, meno na macho nayo yana chao, kidogo sana. Nikaomba aniachie mkataba wenyewe, siyo kipeperushi. Ulikuwa wa Kiingereza, kurasa 30 na zaidi, na nilitumia Jumapili mbili kuusoma. Kama una muda wa kusoma sehemu mbili tu, soma ya vipindi vya kusubiri na ya visivyolipiwa.

Kwenye vipindi vya kusubiri nilikuta hivi: ajali unalipiwa kuanzia siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida baada ya siku 30, upasuaji usio wa dharura miezi sita, magonjwa sugu na uzazi mwaka mzima. Nilipofika kwenye uzazi mke wangu aliinua macho kutoka kwenye sahani, akasema, "Kumbe ingebidi tuwe tumeshaamua." Tukaliacha hapo.

Fomu ya maombi iliuliza kama kuna mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Mimi nina pumu, inanishika wakati wa baridi, miaka mingine hainishiki kabisa. Binti akaniambia kwa upole, "Hiyo usiiandike kaka, itapandisha bei." Niliiandika. Wakati wa kuuza hakuna anayechimba historia yako. Watachimba siku unapodai, na hapo ulichokificha kinawapa sababu ya kutokulipa hata kwa kisichohusiana na pumu. Majibu yalirudi: bei ileile, ila pumu isilipiwe kwa miezi 12 ya mwanzo. Nilikubali.

Bei sasa. Kulazwa pekee kwa sisi wanne ilikuwa 1,150,000 kwa mwaka. Ukiongeza matibabu ya nje, yaani ya kutibiwa na kurudi nyumbani, nyongeza ya 1,300,000. Boksi la viatu lilisema tunatumia 412,000 kwa matibabu hayohayo. Najua mwaka mmoja si kipimo, mwingine unaweza kuja na balaa lake, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno. Tukakata ya kulazwa tu. Kwa ya nje tunaweka 40,000 kila mwezi kwenye akaunti ya simu ambayo laini yake anaishika mke wangu, kwa sababu ikikaa kwangu itageuka bando. Ikifika Desemba haijaisha, hatuichezei.

Mama alikuwa habari nyingine. Ana miaka 67, ana presha, na kampuni zote tatu nilizouliza hazikumtaka kwa umri wake kama mwanachama mpya. Yeye yuko Lushoto, kwa hiyo tulimlipia CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), wakati huo 30,000 kwa kaya ya watu sita, na wajukuu anaokaa nao wakaingia humohumo. Alikuwa anaanzia zahanati ya kijiji, akizidiwa anapewa rufaa kwenda juu. Nilipomweleza kuhusu bima yetu ya milioni na kitu aliniuliza, "Na usipougua mwanangu, hela wanakurudishia?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya," kwa ile sauti yake.

Bima yetu ya kulazwa tumeitumia mara moja. Machi 2023 binti yetu alilazwa usiku mbili kwa kuharisha na kuishiwa maji. Hospitali ilituma maombi ya kibali kwa kampuni saa mbili asubuhi, kibali kikaja saa nane na nusu mchana, na muda wote huo dripu ilikuwa imeshawekwa kwa sababu nilitanguliza laki moja. Laki hiyo nilirudishiwa baada ya wiki tatu na simu tano. Nilikuwa nimeshaandaa barua ya kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, bado ninayo. Zaidi ya hapo nililipa 60,000 ya chumba cha peke yake, kwa kuwa mkataba wetu ni wa wodi ya kawaida na mke wangu hakutaka kusikia habari ya wodi.

Barua ya kuhuisha ilipokuja bei ilikuwa imepanda hadi 1,280,000. Nilipiga simu kuomba wapunguze, wakanipunguzia 40,000. Pumu sasa imo.

Boksi bado liko juu ya kabati. Mwaka huu risiti iliyochukua nafasi kubwa ni ya miwani yangu, na hiyo hakuna wa kumdai.