Shemeji, maji na chupa ya 101

Mtu wa kwanza kunishauri kuhusu wiski ya Kimarekani aliniambia niiweke kwenye friza. Nikaiweka, ikalala humo. Kesho yake ikamiminika nzito, inang'aa, inapendeza kweli kweli, na ukiinusa hupati chochote. Baridi kali huizuia harufu isipande, na bila harufu ladha nayo hufifia. Nilipomrudia mshauri wangu akasema friza yangu ina kasoro.

Wa pili alikuja na mambo ya divai: zungusha glasi, tumbukiza pua, vuta pumzi. Jaribu hivyo na kinywaji ambacho nusu yake ni kileo kitupu. Machozi yalinitoka, pua ikafa ganzi. Sasa naisogeza glasi kutoka usawa wa kidevu, mdomo nimeuacha wazi kidogo, navuta polepole. Hapo ndipo vanila na sukari iliyoungua hujitokeza. Na funda la kwanza silihukumu kamwe. Hilo ni la kuutaarifu ulimi tu.

Lakini nilichotaka kusimulia ni usiku wa shemeji.

Shemeji yangu ana msimamo mmoja usiotikisika: anayetia maji kwenye wiski hajui wiski. Nilikuwa nimenunua Wild Turkey 101, bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ya jimbo la Kentucky, ya bei ya kati, si chupa ya kufungiwa kabatini ikisubiri harusi. Alipoona ile 101 kwenye lebo akawageukia wageni: "Mia na moja! Hii itawaua." Nikamwacha aendelee. Wamarekani huandika namba iliyo mara mbili ya asilimia ya kileo, kwa hiyo hiyo ni 50.5, basi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshakaa na kikokotoo. Sehemu nne za wiski kwa sehemu moja ya maji unapata kama asilimia 40, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho sheria ya Marekani inaruhusu bourbon ifungwe chupani. Yaani nyingi kati ya zile anazozisifu shemeji zimetiwa maji huko huko kiwandani. Nilishamwambia, hasikii. Basi nikatafuta chupa mbili tupu zinazofanana, nikazisuuza kwa maji moto, nikaziacha zikauke. Moja nikaitia wiski jinsi ilivyo, nyingine mchanganyiko wangu, nikafunga hadi kesho. Maji yawe safi yasiyo na harufu ya dawa. Ya bomba yenye klorini yanaharibu kila kitu, halafu lawama zinaiangukia wiski. Rangi ya mchanganyiko ilipauka kidogo, kwa hiyo chupa zote mbili nikazivalisha soksi, na jioni nikapunguza taa. Soksi mpya, jamani.

Wageni walikula kwanza, chakula kisicho na pilipili, na funguo za magari nikazikusanya mlangoni. Nikamimina kidogo kidogo, mafunda mawili matatu, kwenye glasi ndogo za divai zilizobana mdomoni. Zile pana za wiski zinapendeza kwenye picha, lakini harufu yote hutawanyika chumbani. Marashi nayo ni adui: aliyejipulizia kupita kiasi nilimkalisha karibu na dirisha.

"Soksi nyeusi na soksi nyekundu," nikasema. "Niambieni ipi bora."

Shemeji akaonja nyeusi, akakunja uso. "Fujo tu. Hii ni ya vijana." Akaonja nyekundu. Akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Akairudia. Kisha hotuba ikaanza: hapa kuna mwaloni, kuna mdalasini kwa mbali, hii imekaa kwenye pipa miaka mingi zaidi, na bei yake bila shaka ni mara mbili ya ile. Nikamwomba arudie ili hata walio nyuma wasikie. Akarudia, tena kwa sauti.

Nikazivua soksi. Nikaweka mezani chupa moja tu ya Wild Turkey, na pembeni yake jagi la maji.

Dada yangu alicheka hadi akatoka nje. Mumewe alilitazama lile jagi, akanitazama mimi, akasema soksi zilikuwa na harufu.

Haki yake nampa: mwaloni aliunusa sawasawa. Bourbon lazima ikae kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, na kuongeza rangi ni marufuku, kwa hiyo ile rangi inatoka kwenye mbao zilizounguzwa, na vanila pia. Utamu ni wa mahindi, ambayo kisheria hayapungui asilimia 51 ya nafaka. Maji hayaui hata kimoja kati ya hivyo. Yanapunguza ule moto unaovifunika. Ila yana kikomo chake. Nusu kwa nusu niliijaribu pia, ikawa chai ya mbao.

Asiyetaka hesabu aanze na kijiko kidogo cha maji kwenye glasi, aonje, aongeze. Barafu iwe ya mwisho, donge moja kubwa, kwa anayetaka kuburudika tu, maana vipande vidogo huyeyuka kabla hujamaliza sentensi. Inayobaki isimamishwe wima, isilazwe kama divai, la sivyo kileo kitakila kizibo.

Shemeji siku hizi anatembea na ile hesabu ya nne kwa moja. Juzi nimemsikia kwenye sherehe moja akiwafundisha watu, kwa madaha yote, kwamba anayekunywa 101 bila maji hajui wiski.