Kitabu Kichwa Chini

Mwaka 2017 nilifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi kule Kilifi, pwani ya Kenya, watoto 68 chumba kimoja. Kulikuwa na binti aliyenitoa jasho. Kila nikipita dawatini kwake namkuta amekishika kichwa chini kitabu cha Tusome, ule mpango wa kitaifa wa kufundisha watoto kusoma. Nakigeuza. Nikitazama nyuma, kishapinduliwa tena. Daftarini mwangu nikaandika: bado hajui herufi.

Muhula wa pili tukatoa vishikwambi vya serikali, matunda ya ile ahadi ya 2013 ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Darasa zima lilishangilia, yeye akahangaika. Akikipindua, maandishi yanajigeuza wima mbele yake. Akipindua tena, vilevile. Mwisho akakiacha, akazunguka dawati, akasimama akimkabili mwenzake na kuweka kidole kwenye kioo cha mwenzake.

"Ku-ku wa ba-bu a-na-ta-ga."

Nikachutama kando yake. "Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Kaka, Mwalimu. Akisoma usiku nakaa mbele yake. Taa ni moja."

Kumbe alijifunza mwenyewe, ng'ambo ya koroboi, kwenye kitabu cha kaka yake. Na mimi miezi yote ile, kila nilipokigeuza kitabu, nilikuwa namnyang'anya kusoma kwake.

Vishikwambi navipenda hadi leo. Mtaala wa umilisi ulipoingia 2019 niliupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa unataka kila mtoto afundishwe kwa uwezo wake. Lakini uwezo huo nitaujuaje? Kipindi ni dakika 30. Ukigawa kwa watoto 68, hakuna anayepata hata nusu dakika yangu.

Basi mwaka ule wa 2017, binti yule nikawa namwita mezani kwangu wakati wa mapumziko. Kitabu nilikilaza vile alivyokizoea, halafu kila wiki nakizungusha kidogo, kama mshale wa saa. Kilipofika ubavu alikwama siku nne, akainamisha kichwa hadi shavu likagusa meza. Kufikia Oktoba kilikuwa kimesimama wima.

Wiki ileile kaka yake, wa darasa la nne, alinifuata kwenye mlango wa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mwambie arudi kukaa mbele. Siku hizi ananibana kwenye benchi, na sijamaliza ukurasa yeye keshafungua mwingine."