Na mnara wa krokembushi, kutoka Paris hadi Amboise

Tulianzia mtaa wa Coquillière mjini Paris, jirani na Les Halles, eneo la soko kuu la zamani, katika duka la E. Dehillerin ambalo linauza vyombo vya jikoni tangu 1820. Humo wapishi hufuata koni ya chuma kisichoshika kutu, kalibu ya krokembushi: ule mnara wa shu, yaani vikeki vidogo vya mviringo vyenye uwazi ndani, zilizojazwa krimu na kushikanishwa kwa karameli, unaopamba harusi, ubatizo na komunio ya kwanza nchini Ufaransa. Wapo wanaopanga shu ndani ya koni na kuigeuza baadaye. Mimi nawaunga mkono wanaopanga kwa nje, maana unaona kila tundu linapobaki.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mtaa wa Vivienne, ubavuni mwa maktaba ya taifa ya zamani. Hapa ndipo Antonin Carême, mpishi maarufu wa Kifaransa, alipofanya kazi ya keki akiwa kijana, huku akinakili michoro ya mahekalu na magofu maktabani ili ayajenge kwa sukari. Wengi humtaja kuwa ndiye aliyeubuni mnara huu.

Treni ya kasi ya kutoka stesheni ya Montparnasse hufika mji wa Tours kwa zaidi kidogo ya saa moja. Kazi yenyewe ilikuwa huko, katika jiko la kuandalia harusi ya wageni 60. Kila mgeni hukadiriwa shu 3, kwa hiyo ni 180, yaani mikupuo 5 ya maji mililita 250, siagi gramu 100, chumvi kidogo, unga wa ngano gramu 150 na mayai 4. Maji na siagi vikichemka, unga humwagwa wote kwa pamoja, kisha donge husongwa motoni mpaka utando mwembamba ushike chini ya sufuria. Ukiliepua mapema linabaki na maji mengi, halipokei mayai ya kutosha, na shu hutoka bapa. Mayai huongezwa kidogo kidogo, na mwiko ukiinuliwa, donge lianguke taratibu kama utepe. Zioke kwa nyuzi 180, kama nusu saa, bila kufungua oveni: mvuke ndio unaozivimbisha, na ukitoroka kabla kuta hazijakauka, shu zote zinanywea.

Krimu ya vanila ilichukua lita 2 za maziwa, viini 16, sukari gramu 400 na wanga wa mahindi gramu 180. Huingizwa kwa tundu dogo chini ya shu, ikiwa imepoa kabisa.

Karameli ndiyo yenye hatari. Sukari, maji na glukosi huchemshwa hadi karibu nyuzi 165, rangi ya asali, halafu kitako cha sufuria kinachovywa kwenye maji baridi ili isiendelee kuungua. Glukosi huzuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Bakuli la maji ya barafu lazima liwe karibu na mkono, kwa sababu tone moja la karameli hushika ngozi na haliachi kuchoma. Tabaka la chini hugandishwa kwenye kitako cha nugatini, yaani karameli iliyochanganywa na lozi. Shu kubwa huwa chini, ndogo juu. Ukizichovya sana kwenye karameli, mlaji atavunjika jino.

Barabara ya Amboise, mji wa harusi yenyewe, hufuata mto Loire, kama kilomita 25. Mnara ulisafiri sakafuni mwa gari, juu ya mkeka wa mpira, kiyoyozi kikiwa kimewashwa ili kikaushe hewa. Unyevu ndio adui: karameli huunyonya, hunata, na shu huanza kuteleza. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, ningejenga ukumbini kwenyewe, tena saa ya mwisho. Nyuzi za sukari zilizungushwa tulipofika, kwa uma uliochovywa karameli.

Mnara haukatwi kwa kisu. Mhudumu hubandua shu kwa koleo kuanzia kileleni, na kitako cha nugatini hupondwa mwishoni. Zinazobaki hazifai kuwekwa: kwenye friji karameli huyeyuka, na krimu iliyolala mezani usiku kucha ni ya kutupa.