Siku moja maishani mwangu: mtunza mavazi wa tamthilia za kiangazi

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba kila kiangazi ninazunguka Uingereza na kikundi cha tamthilia, swali lao la kwanza huwa ni naigiza nani. Mimi ni mtunza mavazi: nafua, napiga pasi, nashona vilivyochanika na kuwavisha waigizaji nyuma ya jukwaa. Mwaka huu tunaonyesha The Merry Wives of Windsor, mchezo wa kuchekesha wa Shakespeare ambao waigizaji wa Kenya waliucheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, mwaka 2012.

Saa mbili asubuhi tunasimamisha hema la mavazi katika bustani ya jumba la kale, na hadi saa sita nimekwisha kupiga pasi kola zote, kunyunyizia vodka makwapa ya majoho yasiyofulika ili kuua harufu ya jasho, na kupanga kapu la nguo chafu. Falstaff, mzee mnene anayewatongoza wake za watu wawili kwa wakati mmoja, hufichwa katika kapu hilo mume wa mmoja wao anapotokea, kisha watumishi humbeba na kumtupa Mto Thames. Mashuka yanayomfunika yanaonekana machafu kwa sababu nimeyachovya katika chai, lakini ni safi kabisa, maana mwigizaji anapumulia humo humo.

Onyesho la kwanza linaanza saa nane mchana. Akirudi kutoka mtoni Falstaff lazima aonekane amelowa, kwa hiyo namkamulia sifongo la maji kwenye ndevu, kofia na mabega, nikilinda tumbo lake la bandia lisipate hata tone. Leo mvua ilinishinda. Ilinyesha muda mrefu, watazamaji wakavaa makoti na kuendelea kucheka, na hakuna mwigizaji aliyeacha kucheza, lakini tumbo lilirudi hemani zito kama gunia la mchele uliolowekwa.

Tumbo hilo ni fulana iliyoshonewa matabaka ya pamba ya kujazia mito ya kulalia na kufungwa mgongoni kwa tepe. Nje hukauka upesi, ndani hukaa na maji. Nilikuwa na muda wa saa tatu tu kabla ya onyesho la pili, la jioni. Nililiviringisha katika mataulo na kuyakanyaga, nikafumua mshono wa chini, nikachomoa pamba na kuianika juani pamoja na nguo za ndani za waigizaji. Hapo msimamizi wa bustani akaja kuniamuru niondoe kamba, kwa kuwa wageni wanaokuja kula kwenye majani wasingependa kuona nguo hizo. Nilimweleza kwamba katika tamthilia yenyewe Bibi Ford, mmoja wa wale wake wawili, anaagiza kapu lipelekwe kwa wafuaji wa Datchet, kando ya Thames, na kwamba enzi hizo vitambaa viliwekwa juani kwenye majani ili viwe vyeupe. Alinisikiliza, kisha akarudia amri yake, nami nikahamishia kamba nyuma ya lori, penye kivuli, ambako pamba haikauki. Iliniuma, kwa sababu bila nguo hizo hakuna kitu cha kuwaita wageni wake pale.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Nilikausha pamba kiganja kwa kiganja kwa mashine ya kukaushia nywele, nikashona tumbo likiwa tayari kwenye mwili wa mwigizaji, fulana mbili kavu zikiwa chini yake, huku muziki wa kufungulia ukipigwa. Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, na joto lilikuwa bado kali alipotoka mbio avalishwe gauni la bibi wa Brentford, ambaye Falstaff hujifanya ndiye ili amtoroke tena yule mume; gauni hilo nalifunga kwa kulabu nne gizani mwa hema. Kicheko cha kapu nilikisikia tu nyuma ya pazia, kilikuwa kikubwa.

Usiku wa manane tumbo linaning'inia bafuni mbele ya feni, nami namwandikia meneja wa ziara kuomba la pili kabla ya maonyesho mawili ya Jumamosi.