Ndewe ya Kushoto

Jumamosi iliyopita binti yangu alikaa sakafuni na mkasi, kalenda ya mwaka jana na kikopo cha gundi ambayo mama yake alimpikia kwa unga wa ngano, akawa anakata ng'ombe, maua na waheshimiwa wabunge ili awapange upya juu ya kipande cha katoni. Baada ya muda akainua kichwa na kuniuliza, "Baba, mtu nikimkata vibaya, namrudishaje?" Nikamwambia hakuna namna, atafute mwingine. Kisha harufu ya ule uji wa gundi ikanipeleka Majengo, kwenye ile steshenari, mwaka 2011, kwa yule bibi wa Mvumi ambaye mpaka leo sijawahi kumwandika.

Wakati huo nilikuwa na wiki tatu tu za kutumia GIMP, programu ya kuhariri picha, toleo la 2.6, ambalo madirisha yake yalitawanyika kwenye skrini kama mbuzi wasio na mchungaji: zana huku, picha kule, na orodha ya leya imejificha nyuma ya vyote. Nilijua kuzungushia laso kitu ninachokitaka, kukinakili na kukibandika juu ya picha nyingine. Nilijua pia kwamba kila kinachobandikwa kinaweza kukaa kwenye leya yake, mfano wa karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, lakini nililijua hilo kama mtu anavyozijua sheria za barabarani kabla hajashika usukani.

Bibi alikuja na picha mbili ndani ya mfuko wa nailoni, amezifunga kwenye pindo la khanga. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mumewe, amesimama studio na koti lake, nyeusi na nyeupe, upana sentimita 6 na urefu 9. Ya pili ilikuwa ya wajukuu sita waliopigwa asubuhi chini ya mbuyu. Mzee alifariki kabla hata mmoja wao hajazaliwa, na bibi alitaka wakae naye kwenye karatasi moja ya A4. Niliziskani, nikamrudishia, tukaagana hadi Ijumaa.

Kilichonisumbua ni nuru. Taa ya studio ilikuwa imemwangaza mzee kutoka upande mmoja, ilhali jua la Mvumi liliwapiga wajukuu kutoka upande wa pili, na kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba vivuli visipokubaliana, jicho hukataa picha hata kabla mwenye jicho hajajua sababu. Dawa niliiona upesi: nilimgeuza mzee kama anavyogeuka mtu kwenye kioo, na vivuli vikakubaliana. Nikafuta kwa kifutio kila kilichomzunguka. Nikahifadhi kwa JPEG, muundo usioweza kubeba leya, na programu iliponiuliza kama leya zote ziunganishwe kuwa moja, nilikubali bila kusoma. Hata faili la skani nilikuwa nimelipunguza na kulihifadhi juu ya lenyewe, eti naokoa nafasi.

Ijumaa bibi alikaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta, nami nikaifungua picha nikiwa nasubiri sifa. Alinyamaza. Upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango, na mwenye duka alikuwa anahesabu rimu za karatasi kwa sauti. Bibi akasogea, akaweka kidole karibu sana na skrini, kwenye sikio la mzee, ambalo ndewe yake ilikuwa imechanika hadi chini, kama ilivyowatokea wazee wengi wa Kigogo waliotogwa masikio utotoni.

"Mjukuu wangu, hii ndewe imehama. Ilichanika ya kushoto."

"Mbona iko kushoto, bibi?" nikamwonyesha upande wa kushoto wa skrini.

"Kushoto kwako wewe. Mimi nasema kushoto kwake."

Nilipofungua kinywa nimweleze, aliinuka, akasimama mbele yangu, mgongo ameupa skrini na uso amenielekezea mimi, akashika sikio lake la kushoto. "Sasa mimi ndiye yeye. Angalia." Mkono wake ulikuwa upande wangu wa kulia. Nilitazama mkono, nikatazama skrini nyuma ya bega lake, ndipo nilipoona na mengine: mfuko wa koti umehamia kifua cha kulia, na vifungo vimefungwa kama vya blauzi ya mwanamke. Vyote hivyo vilikuwa mbele ya macho yangu siku tatu nzima.

Mwenye duka alishauri niigeuze picha yote. Ingewezekana, isipokuwa fulana ya mjukuu mkubwa ilikuwa na maandishi, ambayo yangesomeka kinyumenyume. Mzee peke yake hakugeuzika tena, maana alikwisha gandishwa na mbuyu. Bibi akafungua pindo la khanga kwa mara ya pili na kunipa picha bila neno.

Safari ile niliiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, kwa kuwa mara ya kwanza, kwa 300, nilipata pikseli 709 kwa 1,063 tu, ilhali A4 iliyochapishwa vizuri huhitaji 2,480 kwa 3,508. Mandhari ya studio niliificha kwa maski, ambayo hufunika kwa rangi nyeusi na kufunua kwa nyeupe bila kupoteza kitu, kisha nikahifadhi kwa XCF, muundo wa GIMP wenyewe unaotunza leya, herufi zitokanazo na jina la kikundi cha wanafunzi wa Berkeley walimotoka waanzilishi wa GIMP. Toleo la 2.8, lililotoka mwaka 2012, lilitenganisha kabisa kuhifadhi kazi na kuitoa kwa JPEG. Mimi huamini kwamba walinisikia.

Mzee alirudi alivyokuwa, na vivuli vikagombana tena. Bibi alisema, "Huyu ndiye," akalipa, akaondoka. Leo ningeweza kumgeuza, kisha nikahamisha ndewe, mfuko na vifungo kimoja kimoja, nuru ikakaa sawa na yeye akafanana. Sina hakika kama angekuwa yeye, wala sina hakika kama niliacha vivuli vile kwa heshima au kwa uchovu.

Faili ninalo bado. Nilimfungulia binti yangu, nikamwonyesha alama ya jicho kwenye orodha ya leya, akawa anaibonyeza, mzee anatoweka na kurudi, anatoweka na kurudi. Halafu akaacha.

"Baba, mbona huyu babu jua lake linatoka kwingine?"

Nikamwambia gundi yake inakauka.